Shauri Lisilokatwa: Kusitasita Kazini na Hatima ya Mtu Katika Taaluma Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Katika kisa kinachosimuliwa kuhusu methali hii, fisi alifuata harufu ya nyama hadi akafika penye njia panda. Harufu ilimjia kutoka pande zote mbili. Kwa kuwa hakutaka kuikosa nyama ya upande wowote, alitia miguu ya kulia katika njia moja na ya kushoto katika njia ya pili, akaenda vivyo hivyo hadi njia zilipoachana akapasuka msamba. Jambo ambalo aghalabu halitiliwi mkazo katika kisa hiki ni kwamba kila njia ilikuwa na nyama. Fisi angeifuata yoyote kati ya hizo mbili angekula akashiba. Kilichomwangamiza ni kukataa kuchagua.

Kisa hiki kina uzito wa pekee kwa mtu aliye kazini au anayejiandaa kuingia kazini. Wahitimu wengi wa Kiswahili huajiriwa kama walimu, wahariri, watafsiri, wakalimani, watangazaji na watafiti. Katika vyuo hufunzwa sarufi, fasihi na isimu, na hutahiniwa kwa maswali ambayo mtahini amekwisha kuyajua majibu yake. Kazini, kinyume chake, mtu hukabiliwa na masuala ambayo hata mkubwa wake hana jibu lake, na bado hutakiwa kutoa kauli kabla ya jua kutua. Hapo ndipo baadhi ya watu wenye maarifa mengi hukwama, huku wenzao wenye maarifa ya kadiri wakisonga mbele.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jinsi kusitasita kunavyoathiri maendeleo ya mtu katika kazi yake. Hoja inayojengwa ni kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe, kupitia msamiati na methali zake, imekwisha kuonyesha mpaka kati ya busara ya kungoja na udhaifu wa kusitasita, na kwamba anayeufahamu mpaka huo ana silaha muhimu ya kulinda taaluma yake. Yataangaliwa kwanza maana ya istilahi zinazohusika, kisha methali na fasihi, kisha mfano wa kihistoria. Baada ya hapo zitajadiliwa athari, hali ilivyo katika kazi za lugha, vyanzo vya tatizo na mapendekezo.

Maana ya kusitasita na kukata shauri

Kitenzi sita kina maana ya kuwa na shaka kiasi cha kutotenda jambo. Kusita mara moja ni jambo la kawaida. Mtu mwenye akili timamu husita kabla ya kutia saini hati asiyoisoma. Umbo linalotumiwa kutaja udhaifu, hata hivyo, ni lile la uradidi, yaani kusitasita. Katika Kiswahili, uradidi wa vitenzi aghalabu huonyesha tendo linalorudiwarudiwa bila kufikia mwisho wake. Anayetangatanga hana aendako, na kinachoyumbayumba hakijaanguka wala hakijasimama. Vivyo hivyo, anayesitasita huanza kuamua, akaacha, akaanza tena. Kwa hiyo kusitasita si sawa na uvivu. Mvivu hajishughulishi na jambo, ilhali anayesitasita huenda akakesha akilifikiria.

Kinyume cha kusitasita ni kuamua. Kuamua ni pia kuwatenganisha watu wanaopigana, na mwamuzi ni yule anayeingia kati ya wagomvi. Maana hii inasaidia kuelewa kinachotokea ndani ya mtu. Anayeamua hutenganisha mambo mawili yanayong'ang'aniana katika nafsi yake, akaliruhusu moja lipite na kulizuia jingine.

Usemi ulio na mafunzo zaidi ni kukata shauri. Neno shauri lina asili ya Kiarabu na linahusiana na ushauri na mashauriano. Kabla ya shauri kukatwa, sharti kwanza liwepo: watu wazungumze, wapime, waulizane. Kisha mazungumzo hayo hukatwa. Usemi huu basi unabeba hatua mbili kwa pamoja, yaani kufikiri na kukomesha kufikiri. Mwenye kukata pasipo shauri ni mtu wa pupa. Mwenye shauri lisilokatwa ndiye anayesitasita. Uwezo wa kikazi unaozungumziwa katika makala haya umo katika hatua zote mbili, na unapotea moja ikikosekana.

Methali zinazoonekana kupingana

Msomaji wa juujuu anaweza kudai kwamba methali za Kiswahili hazina msimamo kuhusu suala hili. Kwa upande mmoja kuna methali zinazosifu utaratibu: Haraka haraka haina baraka; Mwenda pole hajikwai; Subira yavuta heri. Kwa upande wa pili kuna zinazohimiza wepesi: Ngoja ngoja huumiza matumbo, Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, Udongo uwahi ungali maji. Mfanyakazi anayetafuta kisingizio cha kutotenda hujikinga kwa kundi la kwanza, na mwenye pupa hujikinga kwa kundi la pili.

Uchunguzi wa makini unaonyesha kwamba mgongano huu si wa kweli. Izingatiwe namna methali hizi zilivyoundwa. Kinachokemewa hutajwa kwa uradidi: haraka haraka, ngoja ngoja, chelewa chelewa. Subira inayosifiwa haikuradidiwa. Methali hazikemei wepesi wala kungoja. Zinakemea wepesi uliopindukia na kungoja kusiko na kikomo. Methali ya udongo inakamilisha fikra hii kwa mfano wa mfinyanzi. Udongo ulio tope jepesi haushiki umbo, na uliokauka hupasuka mkononi. Mfinyanzi hungoja, lakini anajua anachokingoja, na anajua kwamba muda wake una mwisho.

Fasihi andishi nayo imelishughulikia suala hili. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mhusika mkuu anawapa watu imani kupitia maji, kisha shaka inamwingia kuhusu ujumbe alioupokea. Anawataka wafuasi wake wangoje. Hata hivyo, shaka yake haiwi kauli iliyo wazi ambayo watu wangeweza kuipima, na muda wa kungoja haujulikani mwisho wake. Watu wanachoka, na vita vinaanza pasipo yeye kuviamuru. Si haki kumhukumu Kinjeketile kwa wepesi, kwa kuwa shaka yake ilikuwa na msingi na mzigo wake ulikuwa mkubwa. Lakini mtazamaji anapata funzo moja lisilokwepeka: mwenye dhamana asipolikata shauri, wengine watalikata kwa niaba yake, na matokeo atayabeba yeye.

Mfano wa kihistoria: majenerali wawili

Fasihi hutoa taswira. Historia hutoa tarehe na hesabu. Mojawapo ya mifano inayofahamika zaidi ya taaluma iliyoharibiwa na kusitasita ni ule wa Jenerali George McClellan wa Marekani. Mnamo Julai 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, McClellan alikabidhiwa jeshi la upande wa Kaskazini lililoulinda mji wa Washington. Alikuwa na umri wa miaka 34. Novemba mwaka uo huo alifanywa mkuu wa majeshi yote ya Kaskazini. Uwezo wake haukuwa wa kutiliwa shaka. Alilikuta jeshi limetoka kushindwa na kuvunjika moyo, akalipanga, akalifunza na kulipa fahari yake tena. Askari walimpenda.

Tatizo lilijitokeza ulipofika wakati wa kutenda. Aprili 1862 alifika Yorktown, jimbo la Virginia, akiwa na jeshi kubwa mno kuliko la adui. Watetezi wa mji huo, chini ya Jenerali John Magruder, walikuwa takribani 13,000 mwanzoni. Magruder aliwapitisha askari wake wale wale mara kwa mara mahali palipoonekana ili wadhaniwe kuwa wengi. McClellan aliamini. Badala ya kushambulia, alitumia takribani mwezi mzima kuandaa mizinga mikubwa. Mizinga ilipokuwa tayari, adui aliondoka usiku.

Fursa kubwa zaidi ilimjia Septemba 1862. Tarehe 13 ya mwezi huo, askari wake waliokota nakala ya amri ya Jenerali Robert E. Lee, mkuu wa jeshi la adui, ikiwa imefungiwa sigara tatu. Amri hiyo ilionyesha kwamba jeshi la Lee limegawanyika katika makundi yaliyo mbalimbali. Ni nadra kamanda kupata habari bora kuliko hizo. Hata hivyo, takribani saa 18 zilipita kabla ya jeshi lake kuanza kusonga kwa dhati, na Lee akapata nafasi ya kuanza kuyakusanya makundi yake. Tarehe 17 Septemba majeshi yalikutana kando ya kijito cha Antietam, jimbo la Maryland. Katika siku hiyo moja, watu wapatao 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. McClellan alibaki na maelfu ya askari wa akiba ambao hawakuingia vitani. Kesho yake hakushambulia, na usiku Lee akavuka mto Potomac salama. Rais Abraham Lincoln alimhimiza amfuate adui. Zilipita wiki zaidi ya tano kabla ya yeye kuuvuka mto huo. Mapema Novemba 1862 Lincoln alimwondoa katika uongozi wa jeshi, na hakupewa jeshi jingine. Alipowania urais dhidi ya Lincoln mwaka 1864 alishindwa. Baadaye alikuwa gavana wa New Jersey, lakini taaluma yake ya kijeshi ilikuwa imekoma kabla ya kutimiza miaka 36.

Hadithi ingeishia hapo, funzo lingekuwa kwamba atendaye haraka ndiye afanikiwaye. Haikuishia hapo. Nafasi ya McClellan ilichukuliwa na Ambrose Burnside, ambaye alijua kwamba mtangulizi wake amefukuzwa kwa kukawia. Mpango wake ulikuwa kuvuka mto Rappahannock upesi penye mji wa Fredericksburg kabla ya Lee kujiandaa. Vifaa vya kujengea madaraja ya kuelea vilichelewa. Vilipofika na kuanza kutumika, jeshi la Lee lilikuwa limekwisha kujiimarisha juu ya vilima nyuma ya mji. Sababu ya mpango ilikuwa imeondoka, ilhali mpango wenyewe ulibaki. Tarehe 13 Desemba 1862 Burnside aliwatuma askari wake wapande vilima hivyo wimbi baada ya wimbi, na zaidi ya 12,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Januari 1863 naye aliondolewa.

Majenerali hawa wawili wanadhihirisha hoja ya kukata shauri kwa ukamilifu. McClellan alikuwa na shauri lisilokatwa. Daima palikuwa na habari moja zaidi ya kungoja, na kikosi kimoja zaidi cha kuomba. Burnside alikata, kisha akakataa kulifungua shauri upya hali ilipobadilika. Wote wawili walipoteza nafasi zao katika muda wa miezi mitatu. Kwa hiyo tiba ya kusitasita haiwezi kuwa pupa.

Athari za kusitasita kwa taaluma ya mtu

Athari ya kwanza ni kupokonywa mamlaka. Kazini hakuna suala linalobaki wazi milele. Mkuu wa idara asipopanga ratiba, walimu watajipangia. Ofisa asipochagua mzabuni kwa wakati, mkubwa wake atachagua. Mara ya kwanza hutokea kama msaada, mara ya pili kama mazoea, na mara ya tatu watu huacha kabisa kumpelekea masuala. Anaendelea kushika cheo, lakini kazi ya cheo imehamia meza nyingine. Wakati wa kupandishwa vyeo unapofika, anayefikiriwa ni yule aliyekuwa akizifanya kazi hizo.

Pili, anayesitasita hukosa elimu inayopatikana kazini tu. Mtu hujifunza kwa kuamua, kuona matokeo, na kurekebisha. Asiyeamua hana matokeo yaliyo yake. Akihudumu miaka kumi kwa njia hiyo, anakuwa na miaka mingi ya utumishi na uzoefu mchache. Huu ndio upungufu ambao wasifu wa kazi hauonyeshi lakini mahojiano ya kazi huufichua, pale mwombaji anapoulizwa aeleze uamuzi mgumu aliowahi kuufanya.

Tatu, gharama huwaangukia wenzake. Mhariri anayekaa na mswada miezi sita bila kusema ndiyo wala la amemfungia mwandishi njia ya kuupeleka kwingine. Msimamizi asiyesema kama sura ya pili inakubalika amemzuia mwanafunzi kuanza ya tatu. Aliyekataliwa kwa wakati hupata nafasi ya kujaribu tena, lakini aliyeachwa bila jibu hana. Ndiyo maana wafanyakazi wengi huweza kumsamehe mkubwa aliyekosea, wakashindwa kumsamehe asiyejulikana msimamo wake.

Nne ni majuto. Wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec, katika tafiti zao za miaka ya 1990, walionyesha kwamba katika muda mfupi watu huelekea kujutia zaidi mambo waliyoyatenda yakaenda mrama, lakini wanapoitazama nyuma safari ndefu ya maisha, wengi hujutia zaidi mambo ambayo hawakuyatenda. Matokeo haya yanamfaa mfanyakazi kijana kuyatafakari. Woga wake leo ni wa majuto ya muda mfupi, na kwa kuyakwepa hayo anajiwekea akiba ya majuto marefu. Wahenga waliposema kwamba majuto ni mjukuu walikwisha kuona kwamba hayaji siku ile ile.

Kusitasita katika kazi za lugha

Hali ya mkalimani inafaa kuangaliwa kwanza kwa sababu muda wake hupimwa kwa nukta. Katika ukalimani wa papo kwa papo, mkalimani husema huku msemaji akiendelea kusema. Anayefasiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili hukabiliwa na tatizo la muundo. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia nomino. Katika Kiswahili nomino hutangulia, na kivumishi hufuata upatanisho wa ngeli yake. Msemaji akitaja sifa tatu kabla ya kutaja kitu chenyewe, mkalimani hawezi kutamka hata moja, kwa kuwa hajui kama atasema mkubwa, kikubwa, kubwa au mikubwa. Analazimika kungoja nomino. Lakini ikishatajwa, hana ruhusa ya kungoja zaidi, kwa kuwa sentensi inayofuata imekwisha kuanza. Akisimama kutafuta neno bora kuliko lile linalofaa, atapoteza sentensi nzima ili kuokoa neno moja. Mkalimani stadi basi ni kielelezo cha subira isiyoradidiwa: anajua anachokingoja, na kikifika hukata.

Mhariri ana muda mrefu zaidi, na kwa hiyo ana mtego mkubwa zaidi. Kiswahili sanifu kina msamiati unaoshindana, hasa katika nyanja za teknolojia. Chombo kimoja huitwa tarakilishi na wengine, na kompyuta na wengine. Kingine huitwa rununu, simutamba au simu ya mkononi. Kila istilahi ina watetezi wake na sababu zake. Mhariri anayesitasita huziacha zote katika kitabu kimoja kwa kuogopa kuwaudhi watetezi hao, na matokeo yake ni mwanafunzi anayedhani anasoma kuhusu vyombo vitatu. Mhariri mwenye msimamo huchagua moja, hueleza sababu katika mwongozo wa kazi, na huifuata hadi ukurasa wa mwisho. Yamkini chaguo lake litakosolewa. Hata hivyo, kitabu chenye msimamo unaokosolewa kinasomeka. Kisicho na msimamo kinamchosha hata mkosoaji.

Mtafiti chipukizi naye hukumbwa na hali hii katika uteuzi wa mada. Mwanafunzi wa uzamili huanza na methali, akahamia riwaya kwa kuwa methali zimeandikwa sana, akaiacha riwaya kwa kuwa nadharia haijamkaa vizuri, akarejea kwenye methali. Kila badiliko lina sababu inayoeleweka likitazamwa peke yake. Yakitazamwa kwa pamoja, ni njia mbili za fisi. Wenzake wanaohitimu si lazima wawe na mada bora. Walichagua mada zenye kasoro wakazishughulikia kasoro hizo.

Vyanzo vya tatizo

Lingekuwa kosa kulichukulia tatizo hili kama udhaifu wa tabia ya mtu binafsi pekee. Chanzo kimoja kimo katika mazingira ya kazi. Pale ambapo kosa la dhati huadhibiwa sawa na uzembe, mfanyakazi hujifunza upesi kwamba asiyeamua haulizwi. Pale ambapo mkubwa hutengua kila uamuzi wa walio chini yake, hao huacha kuamua na kungoja kauli ya juu. Kisha mkubwa huyo huyo hulalamika kwamba wafanyakazi wake hawajitegemei. Kabla ya kumlaumu mfanyakazi kwa kusitasita, yafaa iulizwe kama aliwahi kuelezwa mipaka ya mamlaka yake.

Chanzo cha pili ni kutaka ukamilifu. Hapa pana utata ambao haufai kufichwa. Mwaka 2006, Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliokuwa na mwelekeo wa kusaka kilicho bora kuliko vyote walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa takribani asilimia 20. Hata hivyo, hawakuridhika na kazi walizozipata kama wenzao walioridhia kazi ya kutosha. Kusaka kwa bidii kuna faida, na anayekanusha hilo hasemi kweli. Hasara huingia pale ambapo msako hauishi hata baada ya kupata, mtu akawa kazini ilhali moyo wake ungali ukizunguka kwenye nafasi alizoziacha.

Mapendekezo

Kwanza, anayengoja ajiulize anangoja nini. Kama anaweza kukitaja, kama vile ripoti, idhini au jibu la mtu fulani, na kutaja siku kitakapofika, hiyo ni subira. Akishindwa kukitaja, hiyo ni kusitasita hata kama inaitwa tahadhari. Ni vyema jibu hilo aliandike na kuwajulisha wanaomtegemea, ili kungoja kwake kuwe na maana kwao pia.

Pili, atenganishe maamuzi yanayoweza kurekebishwa na yasiyoweza. Rasimu, ratiba na mpangilio wa sura hubadilishwa kesho bila hasara kubwa, kwa hiyo yaamuliwe leo. Kujiuzulu, kutia saini mkataba au kumfukuza mtu kazi hakurudi nyuma kwa urahisi, kwa hiyo kunastahili usiku wa kulala na ushauri wa wenye hekima. Wengi hufanya kinyume: hutumia mwezi kuchagua jalada, na dakika moja kutia saini mkataba.

Tatu, aweke vigezo kabla ya kutazama chaguo, kisha aridhie la kwanza linalovitimiza. Herbert Simon, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala habari za kutosha kupima kila linalowezekana, na kwa hiyo hutafuta linalotosheleza. Historia ya Kiswahili ina mfano wake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipendekeza lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo ulifanywa chini ya utawala wa kikoloni na umekosolewa hadi leo, hasa na wanaoitetea Kimvita na hazina yake ya ushairi. Ukosoaji huo una haki yake. Lakini shauri lilikatwa, vitabu vya shule vikaandikwa, kamusi sanifu ikatolewa mwaka 1939, na hata wanaoukosoa uamuzi huo hufanya hivyo aghalabu kwa Kiswahili kilichotokana nao.

Nne, akishaamua, aweke siku ya kuupima upya uamuzi wake. Hili ndilo lililomkosa Burnside. Kupima upya kwa siku iliyopangwa si ukigeugeu. Kigeugeu hubadilika kila anapokutana na mtu mwenye maoni tofauti.

Tano, viongozi wa idara na vyama, vikiwemo vyama vya wanafunzi, wawape chipukizi maamuzi madogo yaliyo yao kikamilifu, na wayaheshimu hata pale ambapo wao wangechagua vingine. Ujasiri wa kuamua hujengwa kwa mazoezi. Asiyepewa nafasi ya kukosea katika jambo dogo atakosea kwa mara ya kwanza katika jambo kubwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kusitasita humdhuru mtu kazini hatua kwa hatua kuliko linavyofanya kosa moja kubwa. Humpokonya mamlaka, humnyima uzoefu, humchosha kila anayemtegemea, na mwisho humwachia majuto. Imeonekana pia kwamba pupa si dawa yake, kwa sababu methali zinazokemea ngoja ngoja ziko pamoja na zinazokemea haraka haraka. Mwongozo umo katika usemi ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili anautumia bila kuutafakari: shauri sharti liwepo, na likishakuwepo, sharti likatwe. Mwanafunzi wa lugha anayeondoka chuoni akiwa ameelewa maneno hayo mawili kwa pamoja atafika penye njia panda kama wengine wote. Atanusa pande zote mbili, atauliza wapitao, kisha ataiacha njia moja pamoja na nyama yake.